Taja Watoto Wako Kwanza

Vijana wa karakana ya redio, mliniomba niwaachie karatasi kabla sijaondoka, nami nikaondoka bila kuiacha. Msinilaumu. Miaka yote nilikuwa nawahimiza watu waseme kwa ufupi, na kumbe mimi mwenyewe nikishika kalamu sijui nianzie wapi. Sasa nimestaafu, nimeketi nyumbani Kolwezi na redio moja tu, ile ya habari, ambayo husema bila kusikiliza mtu. Muda ninao. Basi nitajibu lile swali mnaloniuliza kila mnapofunga antena mpya: chaneli moja inabeba watu wangapi, ikiwa hakuna saa ya kuwapanga nani aseme lini?

Jibu fupi ni kwamba inabeba wachache kuliko unavyodhani, na wengi kuliko unavyoogopa. Jibu refu linaanzia Lubudi.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, wa zile familia za Kasai ambazo babu zao waliletwa kwa kazi, na alipopangiwa Lubudi tulihama naye wote. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye foni. Ninyi mmezaliwa na simu mfukoni, kwa hiyo nieleze: foni ilikuwa redio ya kuongea na watu wa mbali. Yetu ilikaa katika kibanda nyuma ya duka la mfanyabiashara wa mahindi. Sanduku moja, betri ya gari, na waya uliovutwa kati ya mikaratusi miwili. Watu walikuja kuuliza habari za mgonjwa, za gunia lililopakiwa, za binti aliyejifungua. Kwenye masafa yale yale walikuwapo Kolwezi, Musumba kule Kapanga, na vituo vingine vinne. Vituo saba, njia moja.

Mwalimu wangu alikuwa Tata Kasongo, mzee aliyewahi kupiga simu za upepo za reli. Alikuwa na watoto tisa na kikohozi kimoja ambacho vituo vingine vyote sita vilikifahamu. Alivua viatu kabla ya kugusa sanduku, kwa heshima au kwa kuogopa umeme, hakuwahi kusema.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kama alivyonifundisha: sikiliza, kukiwa kimya, ita. Nikasikiliza, kimya. Nikaita Kolwezi kwa sauti yangu nzuri ya kwaya. Kolwezi alinijibu kwa hasira kwamba nimemkatiza Musumba katikati ya habari za msiba. Nikajitetea kwamba sikusikia mtu. Ni kweli, kutoka Lubudi saa ile Musumba hasikiki kabisa, ila Kolwezi alikuwa akitusikia sote wawili. Tata Kasongo hakunigombeza. Alinisogezea kiti akasema, "Mama Ngalula, kimya yako si kimya ya batu bote." Nilikuwa na umri wa kuitwa binti, lakini kwenye foni kila mwanamke alikuwa mama. Maneno yale niliyaandika kwenye daftari na ninayo hadi leo.

Mwenye duka, aliyependa utaratibu wa watu wengine, aliona dawa ni saa. Akagawa muda: kila kituo robo saa yake. Ulikuwa mpango mzuri wenye kasoro moja, kwamba kila kituo kilikuwa na saa yake na imani yake juu ya saa hiyo. Mmoja alifuata kengele ya misheni, mwingine filimbi ya treni, na treni mnaijua. Vituo viwili vilikuwa vikidai robo moja huku robo nyingine ikipita tupu bila mwenyewe. Baada ya wiki tatu tuliiacha, na kila mtu akarudi kusema alipokuwa na la kusema.

Kumbe shida kubwa haikuwa saa, ilikuwa adabu. Kwetu huwezi kumwita mtu mzima ukaanza na bei ya mahindi. Utamuuliza alivyoamka, mama wa nyumbani, watoto, mvua, na yeye atakuuliza vilevile. Salamu zilichukua muda mara tano ya ujumbe. Na wawili wakigongana, adabu iliongeza mgongano. Wote wawili walinyamaza, kisha wote wawili pamoja wakasema, "Anza weye, Tata." Kimya. "Hapana, anza weye." Pamoja tena. Nimewahi kusikia waheshimiwa wawili wakipishana hivyo mpaka betri ya mmoja ikafa.

Tata Kasongo alitibu yote mawili. Salamu alizifanya mara moja kila asubuhi, kwa niaba ya vituo vyote kwa vituo vyote, na aliyetaka zaidi aliandika barua. Watu walinuna kwanza, wakazoea. Kuhusu mgongano alitoa sheria yake kwa sauti ile ya kikohozi:

"Mukigongana, nyamazeni. Kila mutu ataje batoto bake mu roho, moya moya, na majina yabo yote. Akimaliza, asikilize, kisha arudie. Mwenye batoto mingi atangoya mingi. Njo vile Mungu anapanga foni."

Nilimwambia mimi sina mtoto. Akanijibu kwamba basi nitasema kabla ya wote, nifurahie, haitadumu. Na kweli haikudumu, kwa sababu niliolewa.

Sheria ile ilifanya kazi vizuri ajabu. Kila mtu alingoja muda tofauti na mwenzake, bila saa, bila bosi, bila kuulizana nani mkubwa. Nilipoajiriwa kwenye mgodi, shimo la wazi upande wa Musonoi, nilikwenda nayo kama mtu anayebeba mbegu za kwao. Nilipewa kibanda cha redio juu ya ukingo, na chini yangu chaneli moja ya malori makubwa, magreda, watu wa pampu na ile mashine ya kuchimba tunayoiita pelle. Siku ya kwanza nilisikia mluzi tu. Redio hizi za mkononi hazichanganyi sauti mbili kama foni ya zamani. Wawili wakibonyeza pamoja unapata mluzi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba hakusikika.

Niliwafundisha madereva kutaja watoto kila wanapokosa jibu. Walicheka, kisha wakaipenda. Makapera walijiona wafalme. Dereva akipata mtoto mchanga, wenzake walimpongeza na papo hapo kumpa pole, kwamba amerudi nyuma nafasi moja. Miaka mingi ikapita hivyo, na nikaanza kuamini nimemaliza kazi. Hapo ndipo mtu wa redio huwa hatari.

Sasa niwaambie asubuhi ya Tata Mutombo.

Tata Mutombo aliendesha pelle chini kabisa ya shimo. Mtu mpole, aliyekula chakula chake ndani ya kabini na kuifuta vumbi kama kabati la mkewe. Ilikuwa katikati ya masika, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Katika ukuta wa mashariki maji yalipasua udongo yakaanza kumwagikia barabara ya chini, ile aliyoizoea kupanda. Yeye hakuyaona, ukuta ulimzuia. Mimi pia sikuyaona kutoka kibandani. Walioyaona ni madereva waliokuwa kwenye ngazi za juu, na kila mmoja, kwa upendo, alibonyeza kitufe amwonye.

Wahenga husema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwahi kushika redio. Nilisikia mluzi mrefu kuliko yote niliyowahi kusikia, ukikatika na kurudi. Nilijua kuna hatari kwa sababu ya mluzi wenyewe. Nikabonyeza nikapaza sauti nyamazeni, nyamazeni wote, na mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba nami ni sehemu ya ule mluzi. Niliondoa kidole. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Mtu yuko chini, watoto wake ninawafahamu, na msaada wangu wote ni kunyamaza. Mikono nikaiweka chini ya mapaja.

Mluzi ukaanza kupungua. Waliokuwa wamebonyeza kwa kufuata kelele tu waliachia. Wakabaki wawili, nilikuja kujua baadaye, walioona kila kitu kutoka pande mbili za shimo, Mwamba na Kalenga, wasioweza kusikiana vizuri kwa sababu ya kona ya ukuta. Wote wawili walikuwa madereva watiifu. Mutombo alipokosa kuwajibu walijua wamegongana, wakafuata sheria yangu: wakanyamaza, wakataja watoto, wakarudia. Na wote wawili walikuwa na watoto wanne.

Mluzi. Majina manne. Mluzi. Majina manne. Mluzi. Nilikuwa nahesabu mapigo ya kimya kati yake, yalikuwa sawasawa, nikaelewa kinachotokea na sikuwa na njia ya kuwaambia bila kuwa wa tatu. Sheria yangu nzuri ilikuwa inamzamisha mtu. Nilimwomba Mungu ampe mmoja wao mapacha.

Mara ya nne kimya kikafika pale pale, na sauti ya Mwamba ikatoka peke yake, safi kabisa:

"Mutombo, Mutombo. Maji inakata barabara ya chini. Acha mashine. Panda ya kaskazini, na miguu."

Kisha ikafuata sauti ya Kalenga, ikithibitisha kwamba barabara ya kaskazini ni kavu mpaka juu. Kisha Tata Mutombo, taratibu, kama mtu anayejibu salamu: "Bien reçu," yaani nimekusikia, "niko natoka." Pelle ilizama mpaka kwenye madirisha. Yeye alifika juu ameshika sahani yake ya chakula. Nililia pale kibandani bila aibu, na kwa bahati nzuri kidole hakikuwa kwenye kitufe.

Jioni nilimfuata Kalenga. Nilitaka kujua mara ya nne kilibadilika nini. Alikuwa akiosha matope kwenye buti na hakuinua macho.

"Mama, batoto bangu beko bane," alisema. "Lakini kulikuwa na Béatrice. Alikufa mudogo. Sikukuwa namutaja, juu nikimutaja, sauti inakatika. Leo nilisema, bon, kama Tata Mutombo anakufa, siye bote tutakuwa na mutu wa kutotaja. Njo nilimutaja na yeye."

Jina moja. Pumzi moja ya kimya. Aliyesikika alikuwa Mwamba, na aliyemfanya asikike ni Kalenga aliyechelewa. Tata Mutombo aliwashukuru wote wawili, lakini kwa Kalenga alikwenda nyumbani na mkewe, na walipika.

Baada ya hapo nilibadilisha sheria, maana huwezi kuomba kila siku mtu awe na huzuni ya kutosha. Kungoja kuwe tofauti kati ya mtu na mtu, na pia kati ya mara moja na nyingine. Kila lori lina saa ya injini yenye tarakimu inayozunguka mwishoni. Nikawaambia wakigongana watazame tarakimu ile, wahesabu taratibu mpaka hapo, warudie. Wakigongana tena waitazame upya na kuhesabu mara mbili yake. Hakuna anayejua itakuwa ngapi, hata mwenyewe. Walikubali, ingawa waliniambia haina utamu.

Ndipo pia nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo: kupima. Nilinunua daftari la shule la miraba, kila mraba sekunde tano. Nilipaka rangi mtu akisema, nikaweka msalaba wakigongana. Majuma mawili. Mkuu wangu alidhani nafuma kitambaa. Nilichokiona kilinishangaza. Chaneli ilianza kuharibika wakati ingali tupu kwa sehemu kubwa. Nikatafuta sababu mpaka nikaiona kwenye miraba yenyewe. Ujumbe wako hauharibiwi tu na anayeanza pamoja nawe. Unaharibiwa pia na aliyeanza kabla yako kidogo na hajamaliza, na atakayeanza kabla wewe hujamaliza. Kwa hiyo kila neno linahitaji nafasi mara mbili ya urefu wake. Kama hakuna saa ya kuwapanga, jazeni sehemu moja ya sita ya muda, tano zilizobaki ziacheni wazi, na wengi watapita mara ya kwanza. Mkizidisha sana, kurudia kunazaa kurudia. Hata mkijaza namna gani, yanayofika salama hayafiki moja ya tano ya muda. Nafasi ile tupu haipotei bure, ndiyo inayobeba maneno.

Miaka ya mwisho aliletwa mhandisi, ingénieur Mujinga, binti mwerevu kuliko mimi, na ninaandika hivi nikijua atasoma. Alikuja na visanduku vidogo vya kupandikiza kwenye kuta za shimo, kimoja kimoja na betri yake, kila dakika kinatuma habari kama ukuta umesogea, na kikitikiswa kinatuma papo hapo. Kama vingekuwepo asubuhi ile, Tata Mutombo angepanda na pelle yake. Na chini kabisa, kwenye pelle mpya, sasa alikuwa Kalenga, aliyeacha lori kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mnaona kwa nini sikutaka mzaha.

Mujinga alitundika visanduku arobaini. Hesabu yake ilikuwa nyoofu: kila kimoja kinasema sekunde moja kwa dakika, dakika ina sekunde sitini, zinabaki ishirini za ziada. Nikamuuliza nani anavipanga mstari. Akasema hakuna, havina saa, vinasema vinapotaka. Nikamwambia basi visanduku kumi, na hapo nimemwonea huruma. Alitabasamu kwa heshima, yaani hakuniamini. Tukaviwasha. Katika kila habari nne, tatu zilipotea.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuja nilipomwomba agonge visanduku viwili kwa vijiti kwa pamoja, kama ukuta unavyotikisika wakati wa mvua. Vilipiga kelele pamoja, vikagongana, vikangoja, vikagongana tena, bila kukoma. Kiwandani vilikuwa vimewekewa kungoja sekunde tatu, vyote sawa. Nilimshika mkono Mujinga, nikamwambia, "Mutoto wangu, hivi vyote viko na batoto bane." Alidhani nimechoka. Nikamkalisha nikamsimulia kuhusu Kalenga, na nilipofika kwenye jina la Béatrice aliacha kuandika.

Alifanya kazi wiki nzima, na sifa ni zake. Alikipa kila kisanduku kura yake ya kungoja, inayopigwa upya kila mara. Kisha akavifundisha adabu ya Tata Kasongo bila kumfahamu: akaondoa salamu. Jina la mgodi, jina la kisanduku kwa kirefu, hali ya hewa, vyote nje. Ilibaki namba na ukuta umesogea kiasi gani. Sekunde moja ikawa moja ya kumi ya sekunde. Njia ile ile iliyokuwa ikishindwa na arobaini sasa ingebeba mia. Hatukuongeza chaneli wala antena, tulipunguza maneno. Kwa hiyo mkiulizwa chaneli inabeba wangapi, msihesabu watu kwanza. Ulizeni kila mmoja anasema kwa muda gani, na akigongana anafanya nini.

Masika yangu ya mwisho kazini, siku ya mvua, kisanduku juu ya kichwa cha Kalenga kilisogea upana wa kidole. Tuliona baadaye kwenye orodha kwamba habari yake ya kwanza iligongana na ya jirani yake. Kilingoja. Cha pili kilingoja kidogo zaidi. Habari ilifika, king'ora kikalia, Kalenga akarudisha pelle nyuma na wenzake wakapanda. Kipande cha ukuta kilianguka saa iliyofuata mahali pasipo na mtu. Mujinga alikaa chini sakafuni kibandani. Mimi nilichemsha chai, kwa sababu mmoja wetu alipaswa kuonekana mzoefu.

Nimalize na siku ya kuondoka. Nilikuwa nimewakataza sherehe kwenye chaneli, mnakumbuka. Saa ya kubadilishana zamu nilisema tu kwamba Ngalula anafunga, mbaki na amani. Mkabonyeza wote, ninyi na watu wa shimoni. Mluzi ule ule, baada ya miaka yote ya mafundisho. Nilicheka peke yangu.

Kisha mkanyamaza. Mkaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na muda wake, hakuna aliyemkanyaga mwenzake: mtu wa greda, wawili wa pampu, Mwamba, makapera, Mujinga kwa sauti ya kukwaruza. Nilikuwa naweka alama kwenye daftari la miraba. Ilipobaki alama moja, chaneli ikawa tupu, na kijana wa zamu mpya akaniuliza kama wamekwisha. Niliweka kidole mdomoni, anyamaze. Kalenga ninamjua, na kimya kile hakikuwa cha saa ya injini. Kalenga alikuwa anatumia sheria ya zamani.

Nikahesabu naye, jina kwa jina, na la nne lilipopita bado alikuwa kimya, kwa jina moja zaidi. Halafu akabonyeza, na sauti yake haikukatika.